Kepher Mosoti na Mizabibu ya Porini ya Kiptere

Tarehe 31 Desemba 1979, Bwana Kepher Mosoti atarudisha buti, kamba ya kupimia na ufunguo wa nasari ya miche, na kituo chetu cha mimea ya porini hapa Kericho kitaagana na mtu aliyekitumikia karibu miaka ishirini. Wengi wetu tulimkuta hapa. Mimi nilipoanza kazi nilimkuta juu ya mti, na ilibidi nimwamkie nikiangalia soli za viatu vyake.

Mzee Kepher alitoka upande wa Kisii akiwa kijana, akaja na mkewe Yunia kuchuma majani chai. Kifungua mimba wao, Bitutu, alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba. Mwaka 1960 Mzee Kepher alijiunga nasi kumwagilia miche. Siku hizo vichaka vya mabondeni vilikuwa vikifyekwa haraka, maana kila familia ilitaka kupanda chai, na nani angewalaumu? Kituo kikaamua kuitafuta mizabibu ya porini kabla haijaisha, na kazi hiyo akapewa yeye.

Msidhani ni zabibu za dukani. Ni mmea unaoparamia miti ya kando ya mto, wenye matunda madogo meusi, makali mpaka jicho linafumba lenyewe. Aina moja, yenye manyoya chini ya majani, ilikuwa karibu kutoweka. Mzee Kepher alitembea mto baada ya mto, akapima unene wa kila shina, akazungumza na mwenye shamba, na mwaka uliofuata akarudi kuona kama bado lipo.

Mwanzoni kamba ile ilimponza. Huko Kiptere watu walimwona akipima kando ya mto wakajua moja kwa moja kwamba amekuja kuwagawia majirani mashamba yao. Wazee wakamzunguka na fimbo, wakamuuliza anapima shamba la nani. Kikipsigis chake wakati huo kilikuwa cha kuombea maziwa tu. Akachuma zabibu, akala moja, akawapa na wao. Nyuso zilivyokunjamana, mzee mmoja akasema hakuna mwizi wa ardhi anayeweza kuhangaikia kitu kama hicho. Wakacheka wote, akakaribishwa chai.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa ya kicheko. Mwaka 1968 alipata mzabibu wa manyoya ukiwa na matunda, kwenye bonde lililo chini ya nyumba ya Chepkosgei, mjane mwenye watoto wadogo. Mingine yote ya aina hiyo tuliyoijua ilikuwa imeshakatwa, na vipandikizi vyetu nasari vilikuwa vimeoza. Chepkosgei naye alikuwa ameshapata miche ya chai, na vibarua wa kufyeka bonde walikuwa njiani. Mzee Kepher akamsihi asubiri kidogo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole:

“Baba Bitutu, watoto wangu hawali majani ya mti wako.”

Alirudi ofisini akatuambia mama yule amesema ukweli. Siku hiyo hakugusa chakula. Kesho yake akaomba likizo, na hatukujua ameenda wapi.

Kumbe amechukua jembe na sururu, akaenda na Yunia kwa Chepkosgei. Upande wa juu wa shamba kulikuwa na kipande kilichoachwa kwa sababu ya mawe na visiki vya zamani. Akamwomba mama aahirishe vibarua mpaka waone kama kipande hicho kinaweza kulimika. Wakaanza kung'oa, watatu hao. Wanawake wa kanisa la Chepkosgei walipoona wageni wakimlimia mjane wakaona aibu kukaa, wakaja na majembe yao. Likizo ilipokwisha miche ya chai ilikuwa imesimama huko juu, na bonde halikuguswa. Chepkosgei akashuka na Mzee Kepher mpaka kwenye mzabibu.

“Sasa ni mti wetu,” akamwambia. “Atakayeugusa atakutana na mimi kwanza.”

Aliyeugusa ilikuwa mvua. Masika ya mwaka 1971 ukingo wa mto uliporomoka, mti uliobeba mzabibu ukaanguka nao. Chepkosgei alituma habari kwa lori la maziwa, tukaenda. Shina lilikuwa limevunjika nusu, matawi yako ndani ya matope. Mzee Kepher alikaa juu ya jiwe, na mama akasimama karibu naye bila kumharakisha. Kisha wakavua viatu wote wawili. Wakaosha matawi yaliyobaki na uhai, wakayalaza kwenye udongo bila kuyatenga na shina, wakayawekea mawe yasiinuke. Kila wiki mama aliyafunika kwa majani makavu. Mengi yalikauka, ila machache yakashika mizizi.

Leo watoto wa mzabibu ule wanaparamia miti kwenye mabonde ya Kiptere, upande wa Sotik, na hapa nasari. Ulipozaa hapa mara ya kwanza, Mzee Kepher alitulazimisha kila mmoja ale tunda, mkubwa wa kituo akiwa wa kwanza. Hakuna aliyeomba la pili.

Hatutasema alikuwa mkamilifu. Nyimbo za kanisa aliziimba kwa sauti iliyowafukuza ndege, na siku aliyojaribu kuendesha Landrova tuliitoa mtaroni kwa ng'ombe.

Kazi yake inachukuliwa na Bi. Chepngeno. Juzi alimuuliza mzee, akifika mahali pageni, aanze kuangalia nini kwenye mmea: jani, shina au tunda.

“Anza na mwenye shamba,” mzee akamjibu. “Mwamkie, uulize watoto wamelalaje. Mmea utakungojea tu hapo.”

Asante, Mzee Kepher, na asante, Mama Yunia, kwa kumvumilia na matope yake. Mwenyezi Mungu awape afya, ng'ombe wenye maziwa na wajukuu wenye kelele. Mlango wetu uko wazi siku yoyote mtakayopita.