Keki ya Limau na Mizani ya Bibi Ratili

Wasikilizaji wapendwa, ketini. Aliye jikoni na apunguze moto, asikilize huku akikoroga. Mtu tunayemkumbuka leo asingependa chakula cha mtu yeyote kiungue kwa ajili yake.

Tunamkumbuka mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na miwili. Wenye maduka walimwita Bibi Ratili, kutokana na ratili, kile kipimo cha kale ambacho wazee wetu walikitumia kupimia sukari na siagi. Alifariki dunia Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Alikuwa mkaguzi wa mizani, na alikuwa mpenda chakula. Naomba myashike mambo hayo mawili, kwa maana siku moja yaligombana, na ugomvi huo ndio uliotufanya tumjue alikuwa mtu wa namna gani.

Baba yake alikuwa fundi wa mabomba. Binti alipokuwa na miaka tisa, baba alikamilisha kazi katika hoteli moja, na mwenye hoteli akamwalika aje na familia yake kula chakula cha mchana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binti kuketi kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Ikaletwa supu ya uyoga. Ndugu zake waliimaliza kabla mvuke haujatulia. Yeye alionja kijiko kimoja, akakiweka kijiko chini, akamwuliza mhudumu, "Humu kuna nini kinachokuja baadaye, baada ya kumeza?"

Mhudumu hakujua. Ilimbidi aende jikoni kuuliza. Alirudi na jibu: kungumanga, kiasi cha ncha ya kisu.

Binti mkubwa wa Bibi Ratili, ambaye ni mwuguzi, ametuambia hivi: "Mama aliisimulia supu ile mpaka sisi watoto tukaamini kwamba tulikuwapo, na kwamba tulinyimwa."

Tangu siku ile aliandika kila mlo uliomgusa. Alianza na madaftari ya shule, akaendelea hadi uzeeni. Yako kumi na manne, na familia imetuazima. Yamo humu studioni, mbele yangu. Mwandiko ni mzuri, umesimama wima, hauna mkato wa ovyo. Nawasomea kidogo. "Samaki wa kuoka, mkahawa ulio nyuma ya posta. Ngozi imekauka vizuri. Mpishi ana haraka, lakini ana akili." Ukurasa mwingine: "Aiskrimu ya maziwa, kibanda cha bustanini. Barafu ni nyingi kuliko maziwa. Haifai kabisa. Nilikula mbili."

Aliyoyala nje aliyajaribu nyumbani. Kila Jumamosi jiko lake lilikuwa uwanja wa majaribio, na mume wake, fundi wa saa, aliwekwa kitini aonje. Alitengeneza jemu ya karoti iliyoshika kama saruji. Walilazimika kuvunja chupa. Siku moja ya baridi aliuacha unga wa mkate uumuke ndani ya kabati la nguo, kwa sababu humo ndimo mlimokuwa na joto. Unga ulipanda, ukasukuma mlango, ukatoka. Mume alikwenda kazini akiwa na koti lenye mkono mweupe, na alipoulizwa na wateja alijibu, "Mimi pale nyumbani si mume, mimi ni maabara." Alilisema neno hilo kwa miaka mingi, na kila alipolisema alikuwa anatafuna.

Sasa tufike kwenye keki.

Kulikuwa na mkahawa mmoja wenye meza saba. Kwenye kaunta ya mbele waliuza biskuti kwa kupima. Nyuma kulikuwa na jiko. Mkahawa huo ulijulikana kwa kitu kimoja tu, nacho ni keki ya limau. Ilikuwa nyepesi, ina unyevu wa wastani, na uchachu wake ulikuja polepole. Kila Ijumaa baada ya kazi, Bibi Ratili aliketi kwenye meza iliyo dirishani, akala kipande kimoja. Alifanya hivyo kwa miaka tisa.

Mpishi, ambaye pia alikuwa mwenye mkahawa, hakuwa mchoyo wa maarifa. Aliyeuliza aliambiwa hadharani: robo kilo ya siagi, robo kilo ya sukari, nusu kilo ya unga, mayai sita, malimau matatu. Kisha alijipiga kiganja na kusema, "Lakini siri haipo kwenye hesabu. Siri ipo hapa, mkononi."

Bibi Ratili aliijaribu nyumbani kwa vipimo hivyohivyo. Keki ilitoka nzito, yenye mafuta, imebonyea katikati. Aliijaribu tena. Ikabonyea tena. Huyu ni mtu ambaye mizani yake ya nyumbani ilikuwa sahihi kuliko ya hospitali. Kwa miaka tisa aliamini kwamba mkono wake ndio wenye kasoro.

Kisha mkaguzi mwenzake, aliyekuwa akikagua mtaa ule, alistaafu. Mtaa ukawa wa Bibi Ratili. Alifika mkahawani siku ya Jumatano asubuhi, akiwa na sanduku lake la mawe ya mizani, yale ya shaba. Mkahawa ulikuwa na mizani moja tu, ya springi, iliyofanya kazi ya kaunta na ya jikoni. Mpishi aliinunua miaka mingi nyuma katika duka lililokuwa likifungwa. Hakuna aliyekuwa ameipima kwa makini tangu hapo.

Ilikuwa mbovu. Ilimpunja mnunuzi. Mshale uliposema robo kilo, zilipungua gramu arobaini. Uliposema nusu, zilipungua hamsini. Uliposema kilo nzima, zilipungua sitini. Shikeni namba hizo, wasikilizaji wapendwa: arobaini, hamsini, sitini.

Mpishi alimwona anaandika. Akavuta kiti cha dirishani, akasema kwa upole, "Mama Mkaguzi, wewe si mgeni hapa. Kaa kwanza, nikukatie kipande, tuzungumze."

Bibi Ratili hakuinua kichwa. "Leo si Ijumaa," akajibu.

Aliandika kwamba mpishi hakujua, na hilo lilimwepusha mpishi na kesi. Lakini mizani aliichukua. Kwa kanuni za ofisi ile, mizani isiyorekebishika ilivunjwa kwa nyundo uani, mkaguzi akishuhudia. Alishuhudia.

Mpishi akanunua mizani mpya, sahihi, yenye muhuri. Wiki ile ile keki ikaharibika. Robo ni robo, nusu ni nusu, mayai ni sita, malimau ni matatu. Na keki ikatoka nzito, yenye mafuta, imebonyea katikati. Mnaielewa sasa? Ni ile ile keki aliyokuwa akiipika Bibi Ratili nyumbani kwake. Mkono wake haukuwa na kasoro hata siku moja. Yenye kasoro ilikuwa ile springi iliyochoka, na kasoro hiyo ndiyo iliyokuwa tamu.

Mpishi alijaribu kurekebisha kwa kukisia, akazidi kuharibu. Wateja waliokuwa wakitoka mbali waliacha kuja. Baada ya miezi miwili, meza tatu kati ya saba zilikuwa na viti vilivyopinduliwa juu yake. Aliyemwuliza alijibiwa, "Walikuja kukagua mizani, wakaondoka na keki yangu."

Bibi Ratili aliendelea kwenda kila Ijumaa. Mpishi alimwekea sahani mezani bila salamu. Yeye alikula kile kipande kibaya, akakimaliza, akaaga, hakuitikiwa.

Binti yake anakumbuka: "Nilimwuliza, Mama, unakilia nini kitu kisicholika? Akaniambia, mimi ndimi niliyekiharibu, acha nikile. Nikamwuliza, basi unajuta? Akanikata jicho. Akasema, mizani ilikuwa mbovu, mwanangu. Nikirudishiwa siku ile, nitaichukua tena."

Hakujuta, wala hakulala. Aliamua kuitafuta keki kwa njia aliyoijua. Namba alikuwa nazo. Kwenye siagi akapunguza gramu arobaini. Kwenye sukari, ambayo nayo ni robo, akapunguza arobaini. Kwenye unga, ambao ni nusu, akapunguza hamsini. Keki haikubonyea sana, lakini utamu ulikuwa hafifu, na ilimeguka. Haikuwa yenyewe. Alipika keki kumi na moja. Ilipofika ya saba, mume wake alianza kuzigawa dukani. Aliyeleta saa yake kutengenezwa alipewa kipande, akitaka asitake.

Baada ya keki ya kumi na moja alifunga daftari. Akachukua siku ya mapumziko, akaenda mkahawani asubuhi bila sanduku. Mpishi alikuwa peke yake jikoni. Bibi Ratili akasimama mlangoni.

"Sikuja kuomba radhi kwa ajili ya mizani," akasema. "Nimekuja kuomba nikutazame ukipima."

Mpishi ametuambia kwamba alitaka kumfukuza, na maneno alikuwa nayo tayari. Lakini alimtazama, akaona mikono yake ina unga kwenye kucha. Akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa pale. Usiguse kitu."

Mpishi akaweka bakuli juu ya mizani, akarudisha mshale kwenye sifuri. Akatia siagi mpaka robo. Hakuitoa. Juu ya siagi hiyohiyo akamimina sukari, mpaka mshale ukafika nusu. Hakuitoa. Juu yake akamimina unga, mpaka mshale ukafika kilo nzima. Ndivyo alivyopima maisha yake yote, katika bakuli moja, ili asiongeze vyombo vya kuosha.

Bibi Ratili akamwambia asimame hapohapo.

Yeye nyumbani alipima kila kitu peke yake, katika chombo chake, kilichofutwa. Ndivyo mkaguzi anavyofunzwa. Haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kurundika. Kosa lile lisingefanywa na mama mwingine yeyote mwenye jiko, lilihitaji mkaguzi.

Akaomba kalamu. Mshale ulipofika robo, palikuwa na siagi tu, na upungufu ulikuwa arobaini: basi siagi ilibeba arobaini zote. Ulipofika nusu, upungufu wote ulikuwa hamsini. Arobaini ni za siagi, kwa hiyo sukari ilipungua kumi tu. Ulipofika kilo, upungufu ulikuwa sitini. Unga nao ulipungua kumi tu. Akaandika kwenye kipande cha karatasi: siagi mia mbili na kumi, sukari mia mbili na arobaini, unga mia nne na tisini.

Mpishi akaisoma, akacheka kwa kejeli. "Gramu kumi, Mama Mkaguzi? Hizo si nzi wawili waliokaa?"

"Pima," akajibiwa.

Akapima, kwa mizani sahihi, yenye muhuri. Akachanganya, akatia tanurini. Walingoja wote wawili mbele ya tanuri. Keki ilipotoka ilikuwa imesimama sawasawa. Mpishi alikata kipande, akala akiwa amesimama, akageukia ukutani.

"Imerudi," akasema.

Halafu akakata kipande cha pili, akakipeleka mwenyewe kwenye meza ya dirishani, akamvutia kiti. Haikuwa Ijumaa. Bibi Ratili akaketi.

Wasikilizaji wapendwa, mama huyu angeweza kufumba jicho asubuhi ile ya Jumatano. Hakufumba. Angeweza pia, baada ya kutimiza wajibu, kwenda kula kwingine. Hakwenda. Viti vya zile meza tatu vilishushwa, na mkahawa ungali wazi hadi leo. Karatasi ile imewekwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, na anayeuliza siri ya keki huonyeshwa karatasi, haonyeshwi kiganja tena. Mwaka uliofuata Bibi Ratili alirudi na sanduku lake, akaikagua mizani kwa ukali uleule. Ilikuwa sahihi. Akapiga muhuri, akaondoka bila kula. Ilikuwa Jumanne.

Miezi ya mwisho miguu ilikataa. Mpishi, ambaye sasa ana miaka sabini na minne, alimpelekea kipande kila Ijumaa. Ijumaa ya mwisho alikula nusu, akamwita binti yake. "Leo limau limezidi," akasema. "Mwambie."

Binti aliona haya kuufikisha ujumbe huo. Aliufikisha hata hivyo. Mpishi ametueleza, naye alikuwa akipangusa macho: "Malimau ya wiki ile yalikuwa makubwa kuliko kawaida. Niliwahudumia watu arobaini siku ile, na hakuna aliyegundua. Aligundua yeye, kitandani."

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mume wake, fundi wa saa, kwa binti yake mkubwa na wadogo zake, kwa wajukuu, na kwa mpishi, ambaye familia imemtaja miongoni mwa wafiwa. Mmekaa na mtu wa kujivunia. Lieni, kisha jivunieni.

Nanyi mnaosikiliza, jiulizeni jioni ya leo: ni kitu gani mnachokipenda kiasi kwamba mnaogopa kukipima? Na mkishakipima, mkikuta kina kasoro, mtabaki nacho mkitafute upya, au mtahama meza?

Ijumaa hii kipande kimoja kitawekwa kwenye meza ya dirishani. Binti yake amesisitiza kisiachwe kikauke kama sanamu, kwa kuwa mama yake hakuvumilia chakula kipotee. Atakayetangulia kuketi hapo na akile. Akimalize. Na akiona kasoro, aseme.