Ann Ndanu Mwanzia, Aliyefanya Hesabu Ionekane

Padre wetu, wazee wa koo zote mbili, majirani na ninyi nyote mliofika hapa Mwala leo, mimi ni Mbithi, kaka yake Ndanu, na aliyenipa kazi hii ya kusoma ni mama yetu, mama Kaluki, ambaye ameniambia nisome polepole na nisitie chumvi. Najua kuna swali ambalo limezunguka hema hili tangu asubuhi, kwamba kwa nini Ndanu hakupelekwa India kutibiwa, na wengine wameshajijibu wenyewe kwamba mumewe, Onesmus Mutunga, ndiye aliyekataa. Jibu limo humu, lakini litafika kwa zamu yake, kwa hivyo mtuvumilie.

Ndanu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1984, nyumbani kwetu karibu na Masii, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mwanzia na mama Kaluki, katika mwaka ule wa njaa ambao watu walikula mahindi ya manjano ya msaada, mahindi ambayo waliokula hawajayasahau, kwa maana yalikuwa na harufu yake, yalichelewa kuiva, na ugali wake ulimshinda mtu kabla hajashiba. Alisoma shule ya msingi hapo Masii, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1998, kisha akaingia sekondari ya wasichana huku Mwala hadi mwaka wa 2002, ambako alipigiwa kelele mara nyingi kwa kujibu maswali ya hesabu kwa picha, tena picha zenye majibu sahihi, jambo lililomchanganya mwalimu. Mwaka wa 2006 alihitimu stashahada ya usanifu wa michoro jijini Nairobi, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika duka la uchapishaji mjini Machakos.

Kazi yake wengi wetu hatukuielewa, na tusidanganyane, wapo ambao hadi leo wanadhani alikuwa anachora kadi za harusi. Watu walimletea ripoti nene za mvua, za chanjo, za mavuno, zimejaa takwimu hadi macho yanauma, naye alizikamua mpaka akabaki na picha moja ambayo mtu anaweza kuielewa akiwa amesimama sokoni, kikapu mkononi, haraka ya kurudi nyumbani imemshika.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Mwaka wa 2009 alipewa kazi ya bango la kuwafundisha wakulima kukausha mahindi yasiingie sumu ya kuvu, naye kwa kupenda rangi akayachora mahindi mazuri yakiwa ya manjano yanayong'aa kama dhahabu, na mabovu yakiwa meupe yenye madoa, kisha mshale ukatoka kwenye manjano ukaingia kwenye gunia. Bango likabandikwa katika ofisi ya chifu, na siku ya soko watu wakaliona, wakaelewa kwamba msaada umerudi, wakafika na magunia matupu wakapanga foleni, chifu akatoka nje kuona kulikoni, na katika foleni hiyo alikuwemo mama Kaluki mwenyewe. Alipoelezwa kwamba bango ni la binti yake, mama alikunja gunia lake taratibu, akapanda boda boda hadi mjini, akamwambia, "Ndanu, hayo ndiyo mahindi nilikula nikiwa na wewe tumboni, sasa ni nani alikudanganya ni mazuri?"

Tangu siku hiyo hakuchapisha kitu kabla hakijaonwa. Alichukua mchoro, akautundika kwenye kibanda cha mama mmoja muuza nyanya au kwenye ukuta wa jikoni kwa mama, akauliza mtu anaona nini, kisha akanyamaza, na mtu akiona kingine hakubishana naye wala kumweleza, alirudi mezani akaanza upya, akisema kwamba mchoro ukihitaji kusindikizwa na mwenyewe bado haujakomaa. Wenzake walimtania kwamba huyo ndiye Mkamba pekee anayeweza kuuliza swali na kungoja jibu. Mstari usio na kazi aliufuta, rangi ya kupamba tu aliitoa, na maji ya mabwawa ya mchanga, yale yanayohifadhiwa chini ya mchanga wa mto, aliyapima kwa madebe, kwa sababu debe kila mtu amelibeba. Mwaka wa 2014, akiwa sasa na ofisi yake ghorofani karibu na soko la Machakos, mteja mmoja mkubwa alimtaka arefushe nguzo moja kwenye mchoro ili visima vyake vionekane vingi, Ndanu akakataa, kazi ikaenda kwa mwingine, naye akarudi nyumbani akapika kama kawaida.

Kuhusu ndoa, Onesmus, fundi wa kujenga mabwawa hayo hayo ya mchanga, alileta kwetu mbuzi wa ntheo, wale wa kuifunga ndoa kimila, mwaka wa 2010, wakafunga ndoa kanisani tarehe 20 Agosti 2011, na Mungu akawajalia watoto wawili, Levi aliyezaliwa mwaka wa 2012 na Kasyoka mwaka wa 2016, ambao wameketi hapa mbele.

Novemba mwaka jana Ndanu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshasambaa. Sisi ndugu tukaanza mara moja mipango ya harambee ya India, simu zikalia, kamati ikaundwa, lakini kila tulipomuuliza Onesmus alitazama chini, na maneno yakaanza, kwamba mume amechoka, kwamba mume ana lake moyoni. Mama akayasikia, yakamwingia. Wale wa kwetu mnajua nthoni, ile heshima inayomfanya mkwe asimsogelee mama mkwe, wasipeane mikono wala kuketi pamoja, kwa hivyo mama hangeweza kumuuliza na Onesmus hangeweza kujitetea, na Ndanu akawa katikati anawaona watu wawili anaowapenda wakipotezana.

Jumapili, tarehe 2 Februari, baada ya misa, alituita sote kwake, Onesmus akabaki nje mlangoni, na Ndanu akabandika karatasi ukutani. Ilikuwa na safu mbili za visanduku, kila kisanduku mwezi, juu na chini. Safu ya juu ilikuwa ndefu, lakini karibu yote imepakwa weusi, na kando yake ndege. Ya chini ilikuwa fupi, visanduku saba, vingi vikiwa vyeupe, na kando yake nyumba hii. Aliketi akanyamaza, kama kawaida yake. Wajomba wakabishana, mimi nikabishana zaidi, mpaka mama akainuka, akasogea karibu, akapitisha kidole, akasema, "Huku juu ako mbali na amelala tu. Huku chini ako na sisi, anatembea." Kisha akauliza bila kugeuka, "Na huyo bwana yako, yeye anataka gani?"

Ndanu akamjibu kwamba Onesmus alitaka ya juu, alimlilia wiki nzima aende, hata fedha za bwawa la mwisho alikuwa ameziweka kando kwa safari, ila yeye mwenyewe ndiye aliyechagua ya chini, na akamwomba mumewe asimwambie mtu mpaka apate nguvu za kutuonyesha. Mama alitoka, akampita Onesmus mlangoni, akaenda zake Masii.

Ndanu alipata miezi minne, si saba. Alifariki hapa nyumbani Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, alfajiri, na nyingi za siku hizo alizipitisha kwenye kiti nje akiwafundisha watoto kuchora, lakini miezi mitatu aliyotuahidi hatukuiona, inauma, na maneno yakaanza tena, mmeyasikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia Ndanu ukweli alipouomba, majirani waliotuchotea maji, wenzake wa Machakos waliofunga ofisi wakaja, na padre wetu. Shukrani moja si yangu kuisoma kwa sababu imeshatolewa. Jana mwili ulipofika, mama Kaluki alivuka uwanja mbele ya wazee, akaenda alipoketi mkwewe, akampa mkono, akaushika, na mzee mmoja alipokohoa kumkumbusha nthoni, akamwambia kwamba kama kuna mbuzi wa faini aende akamchukue bomani kwake. Kisha akaketi kando ya Onesmus, na ndipo alipoketi hata sasa.

Pumzika sasa, Ndanu wetu, kwa amani, watu wako wamepatana.