Mama Breki Anauacha Ubao

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkuu wa kikundi chetu cha nadharia ya nyuzi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Ofisi ya utumishi inamjua kwa cheo chake. Sisi wa ghorofa ya tatu tunamwita Mama Breki, naye anajua na hajawahi kukasirika. Nimeombwa niandike maneno ya furaha. Nitajitahidi, ila mnivumilie, maana naandika nikiwa na hofu.

Kwa wageni waalikwa: nadharia yetu inasema kwamba vitu vyote, ukivichimbua hadi mwisho kabisa, ni nyuzi ndogo mno zinazotetema. Ili hesabu zikubali, hivi vipimo vitatu tunavyovijua, yaani urefu, upana na kimo, havitoshi. Lazima viwepo vingine, vilivyokunjwa vidogo kiasi kwamba hakuna anayeviona. Mama Breki alipoanza kazi, nadharia za nyuzi zilikuwa tano na kila moja ilijiona ndiyo yenyewe. Baadaye ikadhihirika kwamba zote ni sura za kitu kimoja kikubwa zaidi, nadharia ya M, na wenzake wakasherehekea. Yeye alirudi kwenye mikunjo yake. Njia za kukunja ni nyingi kupindukia, na alitaka kujua ni zipi zinazoweza kubeba ulimwengu kama huu wetu unaozidi kutanuka, na zipi zinapendeza kwenye karatasi tu. Wakati ule walimcheka. Leo hilo ndilo watafiti wengi wanalolihangaikia.

Jina la utani lilitokana na desturi aliyoianzisha. Hakuna andiko linalotoka hapa kabla mwandishi hajasimama ubaoni na kujibu swali lake: "Hapa, mwanangu, unaogopa wapi?" Anayesema haogopi popote hurudishwa kitini. Mwenzetu mmoja aliwahi kuagiza keki kabla hata ya kusimama, kisha akajibu kifua mbele kwamba haogopi kitu. Keki ikaingia kwenye friji. Wiki kadhaa baadaye ikabainika kwamba kuna kijisehemu cha hesabu alichokitupa akidhani hakina uzito, kumbe ndicho kilichokuwa kinauangusha ulimwengu wake mzima. Tulimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, na tangu hapo anaitwa Profesa Haraka. Keki tuliila hivyohivyo, ngumu kama tofali.

Mwezi uliopita, katika kikao chake cha mwisho, Mama Breki alisimama ubaoni yeye mwenyewe. Alitupitisha kwenye kazi iliyompa sifa: uthibitisho kwamba aina fulani ya mikunjo hushikilia na haifunguki. Karibu kila tulichoandika sisi kimejengwa juu yake. Mwulizaji ni yeye siku zote, na sasa aliyesimama ubaoni alikuwa yeye. Alipomaliza, nikamuuliza mimi anaogopa wapi. Akaweka kidole kwenye mstari wa nne, akasema anauogopa huo, na amekuwa akiuogopa kwa miaka. Kila alipoupima kwa njia anazozijua, ulisimama. Lakini sasa zimekuja njia mpya, kali zaidi, na macho yake hayamruhusu tena kuzifuata ukurasa kwa ukurasa. Akanikabidhi chaki.

Nieleweke vizuri. Mstari huo ukianguka, jua litachomoza kama kawaida. Dada wa mapokezi ameshaniuliza, nami nimemtoa wasiwasi. Kitakachoanguka ni kazi ya maisha ya mtu mmoja, pamoja na ya wote tuliomfuata. Nusu ya kwanza ya hesabu za kuupima upya tumeimaliza, na haijatutuliza. Profesa Haraka siku hizi anaandika polepole kuliko sote. Mimi naupita mlango wa ofisi kila asubuhi nikiomba iwe ni kosa dogo letu wenyewe lililotupotosha.

Juzi mumewe, dereva wa lori mstaafu, alinivuta kando kwenye maegesho. Alisema mkewe hali vizuri wala halali. Akaniomba, mambo yakiharibika, nimwambie tu kwamba hesabu bado inaendelea, kwani hesabu zenu si huwa haziishi? Ombi lake lilikuwa la mapenzi matupu. Kabla sijamjibu akanishika mkono kwa nguvu, kama mtu aliyekubaliwa, akaondoka.

Baba, unisamehe kwa kukujibu mbele za watu. Sitaweza.

Mama, ahsante kwa kutulea na kwa kuturudisha vitini. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na wajukuu wasiokuachia nafasi ya kuwaza. Mstari wa nne ukisimama, nitakupigia simu nikiimba. Ukianguka, sitapiga. Nitakuja nyumbani siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine yeyote hajajua, na ukisikia hodi yangu mlangoni utakuwa umeshaelewa. Nifungulie tu.