Mhandisi Ahamefule Okparaeke, Aliyepitisha Barabara Juu ya Kaburi la Mama Yake

Familia ya Okparaeke wa Amaokwe ina watu wanne wenye digrii, mmoja wao mwanasheria, na wote wanne walipoombwa kuandika historia hii walikohoa, wakatazama simu zao, kisha wakasema kazi hiyo inamfaa Daa Mgbafo, dada mkubwa wa marehemu, mwenye umri wa miaka sabini na minne, aliyeishia darasa la tatu, na ambaye magoti yake hayampi ruhusa ya kukaa kwenye kiti kwa saa nzima. Amekubali shingo upande, kwa kuwa marehemu alimsumbua tangu siku aliyozaliwa, na hakutarajia kwamba angeacha kumsumbua kwa sababu tu amekufa.

Marehemu Ahamefule alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, hapa Amaokwe, akiwa mtoto wa nne na wa kiume pekee wa mzee Okparaeke na mama Ihuoma. Alitambaa kwa mstari ulionyooka, hata pale mbele yake palipokuwa na moto wa jikoni, na kovu la mkono wa kushoto, ambalo wengi mlidhani ni la vitani, ni la chungu cha supu alichokataa kukizunguka.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya misheni ya hapa kijijini, akamaliza mwaka 1963, akaingia sekondari, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofunga shule mwaka 1967 alichukuliwa, akiwa na miaka kumi na sita, kufukia mashimo ya barabara kwa magogo ya mchikichi ili malori ya chakula yapite. Alirudi Januari 1970 mbavu zikihesabika, akaketi mbele ya mama yake, na badala ya kuomba chakula akaanza kumweleza kwamba njia ya mtoni inahitaji mfereji, hadi mama Ihuoma alipomsukumia sahani ya magimbi akasema, "Kula kwanza, mwanangu, mfereji hautakimbia." Alisomea upimaji na ujenzi wa barabara huko Enugu kuanzia 1972, akahitimu mwaka 1976.

Aliajiriwa na serikali ya jimbo tarehe 1 Septemba 1976, akafanya kazi miaka thelathini na nne, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka kuwa Katibu Mkuu wa Uchukuzi mwaka 2003, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuleta gari la ofisi hapa kijijini, alikuja kwa basi, mfuko begani, kama mwalimu wa kujitolea. Lori la mtoto wa Daa Mgbafo alilizuia yeye mwenyewe barabarani kwa sababu ya matairi, kijana akashuka akipiga kelele, "Mjomba, ni mimi!", naye akajibu, "Nimekuona, na matairi nimeyaona pia," na viazi vikuu vikaozea juu ya lori siku tano.

Alifunga ndoa tarehe 28 Desemba 1981 na Urediya, binti mvumilivu kuliko ilivyompasa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nkemakolam, Ogadinma na Kelechi, waliolelewa vizuri, ingawa wote hadi leo hawawezi kuvuka barabara bila kumhutubia mtu.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelijadili sokoni kwa miaka kumi na mitano, kwa hiyo msijifanye mnainama kutafuta viatu. Novemba 2004 serikali iliamua kupitisha barabara ya lami Amaokwe, vijana wa upimaji wakapigilia vigingi, na Jumatatu moja Ahamefule alipokuja kukagua alikuta vigingi vimepita katikati ya uwanja wa baba yake, juu ya nyumba ya kupokelea wageni, na juu ya kaburi la mama Ihuoma aliyezikwa hapo mwaka 1993. Akachukua rangi nyekundu, akachora alama ya kubomolewa kwenye ukuta wa baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Daa Mgbafo alisimama mbele ya brashi akamuuliza, "Wewe, hayo macho unayatumia kwa kazi gani? Huyo ni mama yako!" Naye akajibu kwa upole ule wake uliokuwa ukichosha kuliko matusi, "Daa, vigingi ndivyo vilivyo." Februari 2006 tingatinga likaja, nyumba ikaenda, mama akafukuliwa, akahamishiwa kwenye ukanda mwembamba nyuma ya jiko, mahali ambapo hata kuku hageuki bila kugusa ukuta. Barabara ikapita hatua chache tu kutoka ghala la saruji la binamu yetu mkubwa, Dede Onyekwere, mkuu wa ukoo, na ghala halikuguswa hata bati moja.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2010, na mtu mwenye akili angenunua kiti cha uvivu, lakini yeye akatangaza kugombea ubunge wa jimbo. Wanaume wa ukoo walikutana, wakala kola yake, ile kokwa ya kupokelea wageni, wakanywa mvinyo wake wa mchikichi, wakaapa kuwa naye, kisha wakaenda kupanda gari la mpinzani wake, Dede Onyekwere akiwa kiti cha mbele na kipaza sauti mkononi, akitangaza kila njia panda, "Aliyemfukua mama yake, nyinyi atawabakiza?" Sokoni wauza pilipili walimwita, "Mhandisi, ukishinda utaanza kupima vibanda au makaburi?", wakacheka mpaka wakashikana mabega, naye akasimama juani akawaeleza habari za mifereji ya maji ya mvua kwa muda wa saa nzima. Tarehe 26 Aprili 2011 alipata kura 214 katika jimbo zima la uchaguzi, na kwenye kituo cha hapa kwao kura kumi na tisa, na Daa Mgbafo anawafahamu wote kumi na tisa kwa majina, kwa kuwa kumi na wanne walilala nyumbani kwake.

Baada ya hapo hakuhudhuria tena mkutano wa ukoo. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016, akatibiwa kwa miaka mitatu, na mwishoni mwa Januari mwaka huu, akiwa kitandani hospitalini, alimwomba mkewe alete mchoro wa kwanza wa ile barabara, akamwonyesha dada yake kwa kidole kwamba mstari ulipaswa kupita kwenye ghala, na kwamba vigingi vilisogezwa hatua kumi na tatu. Daa Mgbafo akamuuliza, "Ulijua tangu lini?" Akajibu, "Tangu Jumatatu ile." "Na ukanyamaza?" "Daa, ningevirudisha, wangesema afisa amehamisha barabara ili kuokoa uwanja wa baba yake. Nani angeniamini?" Dada yake anakiri kwamba alitamani kumpiga kwa mto wa hospitali, lakini aliukunja mchoro akautia mfukoni. Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Dede Onyekwere alishauri azikwe makaburi ya mjini, kwa kuwa kwao hapana nafasi, kana kwamba mwana pekee wa Okparaeke ni mgeni aliyekosa basi. Umuada, yaani sisi mabinti wa ukoo tulioolewa nje ya ukoo na kurudi kwa misiba, tulikataa, tukasema atabanwa nyuma ya jiko kando ya mama yake, na Jumanne wiki hii tukakusanyika ili ardhi ichimbwe. Daa Mgbafo akafunua mchoro mbele ya wote, akauliza ni nani aliyesogeza vigingi, na wanaume wakainama kutafuta viatu. Basi akapewa jembe mkuu wa ukoo, kwa sababu hapa Amaokwe yeye ndiye hupiga la kwanza, akitamka kwamba hana alichomficha marehemu. Dede Onyekwere aliinua jembe, akalishusha bila kugusa udongo, akaliinua tena, akasema jua ni kali, na hapo mkewe, mama Ugbaku, ambaye hatujawahi kumsikia akiongea mbele ya watu, akasema, "Onyekwere, siku ya ibada ya mavuno, mwaka ule wa vigingi, watu walipokuwa kanisani wanaimba, suruali yako yenye tope niliifua mimi. Sema, au niseme."

Akasema. Alitaka kuokoa ghala, hakufikiria kaburi, na alipoliona ndani ya mstari alikuwa ameshachelewa, ndivyo alivyodai. Daa Mgbafo akamuuliza, "Na kipaza sauti, Dede, nacho kilikuteleza mkononi?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliobeba maji na viti, wafanyakazi wenzake wa zamani waliosafiri tangu alfajiri na kufika kwa wakati kama alivyowafundisha, na wale wapiga kura kumi na tisa. Lala ukiwa umejinyoosha, Ahamefule, sasa pana nafasi.

Kwa hukumu ya umuada, Dede Onyekwere amelibomoa ghala lake kwa mikono yake na ya wanawe, ameutoa uwanja wake kwa familia ya Okparaeke ili marehemu azikwe humo, amembeba mama Ihuoma begani kutoka nyuma ya jiko mpaka huko, huku akimwomba radhi kwa sauti iliyosikika barabarani, atatulisha sisi umuada siku nne nyumbani kwake mpaka tushibe, na jembe la kwanza la ukoo huu hataligusa tena.