Ge Shuxia, Mshonaji wa Magome, na Mti Aliokataa Ukatwe

Tarehe 4 Machi 1954 theluji ilianguka kutwa nzima kandokando ya mto Gan, kaskazini-mashariki mwa China, na kabla haijakatika Ge Shuxia alizaliwa, mtoto wa tatu wa mwindaji Ge Chengshan na mkewe Bai Guirong. Babu yake alikuwa mganga wa mwisho wa ukoo kuita mizimu ya mlima kwa ngoma. Ngoma ilikwisha wekwa kando, lakini mjukuu alifundishwa kuomba radhi kabla ya kugusa mti.

Alihitimu sekondari mjini Alihe mwaka 1971. Walimu walimsifu kwa hesabu, wakamkaripia kwa kuchora kulungu daftarini. Alipika katika kantini ya idara ya misitu miaka mingi, na jioni akishona sanaa yake kwa magome meupe ya mbetula, mti wa nchi za baridi.

Mwaka 1976 aliolewa na Meng Dehai, mkata miti wa idara hiyo hiyo. Wazee walitania kwamba mume atakata na mke ataomba radhi.

Mwaka 2008 alikuja Lu Jingyao, kijana mwandaaji wa maonyesho kutoka Beijing. Alimwahidi marehemu ukumbi mzima, mradi apeleke Beijing msonobari ambao babu yake aliuchonga uso wa Bainaca, mwenye mlima. Mti ule u hai, na mbele yake hakuna anayepaza sauti, hata wagomvi. Marehemu alimkatalia palepale kwa ukali wote, lakini kwa mnong'ono. Lu akadhani amekubaliwa kwa heshima.

Wiki iliyofuata Lu akafika na lori, na Dehai ndiye aliyetumwa na idara kukata. Marehemu alikuwa amengoja nusu ya umri wake kazi yake ionekane. Hata hivyo alikwenda akaketi juu ya mizizi.

"Mama watoto, inuka," Dehai alimnong'oneza. "Jina lako litafika Beijing."

"Lifike limebeba maiti? Washa msumeno, uanze na mimi."

Dehai aliweka msumeno chini, akaketi naye. Baadaye walimpeleka Lu barabarani.

"Mwanangu, siku ile nilikuwa nakufokea."

"Mbona ulinong'ona, mama?"

"Pale hatufoki. Hapa naweza. Nianze?"

Lu alicheka, kisha akaomba radhi. Marehemu akajitolea kumshonea shina la magome, lenye urefu wa mtu, tupu ndani, lisilo na uso. Lu akalipatia shina hilo ukumbi ule ule. Huko Beijing, kila aliyeuliza uso uko wapi alijibiwa na marehemu, "Upo nyumbani, unafanya kazi." Wengi walimfuata hadi Alihe kujifunza, na karakana yake haijafungwa hadi leo.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki usingizini nyumbani kwake Alihe, tarehe 30 Juni 2024. Ameacha mume, Meng Dehai. Watoto wawili, Meng Yulan na Meng Tiecheng. Wajukuu watatu, wanafunzi wengi, na msonobari ule ukiwa bado wima.

Tarehe 11 Juni mwaka huo daktari alikuwa amemruhusu arudi nyumbani, kwa kuwa dawa zilikwisha shindwa. Asubuhi iliyofuata aliomba apelekwe msituni, maana Juni ndipo gome la mbetula hubanduka kwa urahisi. Alimshika mkono mjukuu wake Ruolin, akamwonyesha kina cha kisu: gome la nje tu, mti uendelee kuishi.

Apumzike katika utulivu wa mlima wake.