Mzee Onesmo Si Fundi wa Viyoyozi

Mzee Onesmo Rutashobya anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na saba katika kituo chetu cha lugha na filamu: kumi na mmoja Riyadh na kumi na sita hapa Jidda. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa moja, kuonyesha filamu. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo, kwa sababu ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi huku, inasema jambo jingine.

Alipofika mwaka 1998 hapakuwa na majumba ya sinema, na sisi tulionyesha filamu ndani ya kuta za kituo tu. Kafili, yaani mdhamini wake wa wakati huo, alipopekua orodha yake ya kazi hakuona jina linalomfaa, akachagua la karibu na umeme. Basi Onesmo akawa, kwa karatasi, fundi wa viyoyozi.

Haikuchukua muda bosi mmoja jirani akaisoma ikama hiyo na kumwita nyumbani kwake. Onesmo hajui kukataa. Alipanda juu ya kiti cha kukunja, kiti kikajikunja, akabaki ameng'ang'ania dirisha huku mguu mmoja umetua kwenye sinia la wali wa kabsa. Watoto wa nyumba ile walicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata alimtafuta Japheth, fundi Mkenya, akajifunza viyoyozi barabara, na mpaka leo cha ofisini kwangu kikikohoa ni yeye ninayemwita.

Mapenzi yake ni vichekesho vya zamani vya Kifaransa, vya yule bwana aliyeandika, akaongoza na kuigiza mwenyewe, karibu bila maneno. Mlango wa kioo unamshinda, bomba la maji linamfukuza, naye anaomba radhi kwa kila kitu alichokigonga. Onesmo anashikilia kwamba kichekesho hakiko katikati ya picha, kiko pembeni, kwa mhudumu anayehangaika na trei huku sisi tunamtazama bwana mkubwa. Kwa hiyo hairuhusu skrini ikate hata kidole kimoja cha picha. Hukimbia kutoka kwenye mashine hadi kwenye skrini, hurudi, husogeza kidogo, hukimbia tena. Sijawahi kumwona ametazama filamu akiwa ameketi.

Enzi za mikanda ya filamu aliisafirisha mwenyewe kwa gari kati ya Riyadh na Jidda, kiyoyozi kikivuma na makopo ya mikanda yakiwa yamefungwa mkanda wa kiti. Derrick, dereva wetu, husema alikuwa akiambiwa "yalla", twende haraka, njia nzima, lakini kwenye matuta anaambiwa apite kama amebeba mayai.

Mwatime, mama wa Kwale anayefanya kazi za nyumbani mtaa wa Al-Safa, alianza kuja kwenye maonyesho yetu akiwaleta watoto wa madam. Siku moja madam naye akaja. Mwatime aliniambia hiyo ndiyo saa pekee ambayo yeye na madam wamewahi kucheka jambo moja kwa wakati mmoja, bila mtu kumtafsiria mwenzake. Nilipompelekea Onesmo maneno hayo alienda kufuta lenzi iliyokuwa safi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mimi ndiye ninayeshughulikia karatasi za wafanyakazi. Majumba ya sinema yalipofunguliwa, Onesmo alinijazia fomu ya kubadilisha jina la kazi, Februari 2019, kwa mwandiko wake wa kunyooka. Nikaitia mtotoni mwa meza. Alipouliza nilimjibu "bukra". Wote tuliokaa huku tunalijua neno hilo: kwenye kamusi ni kesho, ofisini ni usinisumbue. Mzee Onesmo alilichukua kwa maana ya kamusi. Kesho yake alikuja. Na kesho yake. Alikuja kwa miaka sita, akibisha hodi, akisahihisha Kiswahili changu cha Kisii, na akiondoka bila kununa. Fomu niliituma Mei mwaka huu. Makao makuu yetu Riyadh wakajibu kwamba muda umepita, na kwamba cheti chake cha utumishi lazima kifuate ikama.

Si suala la heshima tupu. Ukumbi mmoja wa Bukoba umemwahidi kazi ya kuonyesha filamu siku mbili kwa wiki, mradi apeleke cheti kinachotaja alichokifanya huku. Cheti kilichofika jana kinasema viyoyozi. Alikisoma akiwa amesimama, akakikunja vizuri, akanishukuru. Afadhali angenigombeza. Tangu jana siketi nikatulia. Naandika haya nikizunguka meza.

Kwa hiyo wenzangu mtanisamehe ikiwa wasifu huu wa jarida letu una tarehe nyingi kuliko utani. Nimezipanga makusudi. Mimi, Pauline Nyaboke, ofisa wa wafanyakazi, nathibitisha kwamba Onesmo Rutashobya alikuwa mwonyesha filamu wa kituo hiki tangu 1998 hadi 2025, kwa mikanda na kwa mashine mpya, kwa ustadi ambao hatutaupata tena. Nakala yako, Mzee, iko kwenye bahasha ya kahawia. Ndani yake ukurasa huu una sahihi yangu na mhuri wa kituo. Mhuri nimeugonga mwenyewe, bila kumuuliza mtu, na atakayeuliza ataniona mimi.

Asante kwa yote. Tunakuombea afya, wajukuu wengi na ukumbi uliojaa. Ukate ukurasa huu kwa mkasi, uende nao Bukoba. Hicho ndicho cheti chako.