Siku Tatu Nilizopaswa Kula

Bwana asifiwe, ninyi mlioketi mbele na ninyi mliosimama mlangoni! Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo chetu! Wengi mnanifahamu, mimi ni Baba Eliya wa maabara ya mifugo hapa Mpwapwa. Mnakumbuka kwamba kabla ya mavuno nilisimama hapa hapa nikawaambia Bwana ameniponya tumbo. Mliimba siku ile, akina mama wakapiga vigelegele mpaka paa likaitika. Ndugu zangu, nimemwomba mchungaji nafasi tena kwa sababu ushuhuda ule haukuwa wa kweli. Nivumilieni, nitaeleza yote.

Nilianza kuumwa miaka mitatu iliyopita. Maumivu yalianzia hapa juu ya kitovu, yakapenya hadi mgongoni, na nikila chochote chenye mafuta nililala chini nikijikunja. Nilikonda. Wakati huo mitumba ilikuwa ndiyo imejaa sokoni, na kila Mama Eliya aliponinunulia suruali, ilikuwa namba ndogo kuliko ya mwanzo. Alikuwa ananitania kwamba karibu ataanza kunitafutia kwenye rundo la watoto. Tulicheka, lakini nilimwona akifuta machozi akigeuka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Mtanisamehe, mama zangu, nalitamka kanisani. Choo changu kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa cheupe, chenye mafuta, kinaelea, na kumwagia maji hakusaidii. Sasa nifikirieni mimi! Kazi yangu ni kupima vinyesi. Wafugaji wananiletea kinyesi cha ng'ombe kimefungwa kwenye majani, nami nakiangalia mara moja tu nikajua mnyama anaumwa nini. Cha kwangu mwenyewe nilikifunika, nikanyamaza mwaka mzima.

Hatimaye nilikwenda hospitali, Dodoma mjini. Nikampata Daktari Rehema, binti mdogo kwa umri lakini mpole na mwenye subira. Picha ya eksirei ilionyesha vijiwe kwenye kongosho. Kongosho ni kile kiungo kilicholala nyuma ya tumbo, kinachotoa maji ya kusaga mafuta na pia kinachozuia sukari isipande mwilini. Aliniambia ugonjwa huu huenda polepole, na madhara yake hujulikana mtu akiwa amekwisha kuharibika. Yeye alikuwa anatafuta alama, kitu cha kupimwa kwenye choo au kwenye damu, ambacho kingemwonyesha mapema nani kongosho lake limeanza kushindwa kazi. Alikuwa na wagonjwa wachache tu wa namna yangu, na kila mmoja alikuwa na thamani kwake.

Akanipa kopo lenye mfuniko na maagizo. Kwa siku tatu nile mafuta ya kutosha, hata kama yananiumiza, na choo chote cha siku hizo nikiweke kwenye kopo. Mafuta yakionekana mengi mle ndani, basi kongosho limechoka na nianze dawa.

Ndugu zangu, siku tatu zile ndizo mlizotangaza mfungo kwa ajili yangu!

Nilirudi Mpwapwa nikamkuta mchungaji ameshawaambia. Kanisa zima mnafunga, jioni uji mtupu. Bibi Nyemo, yule pale mwenye kitambaa cha bluu, ambaye kwa umri wake hakuna anayemdai mfungo, naye alifunga. Niliketi nyumbani nikatazama samli aliyokuwa ameitafuta mke wangu. Nikajiuliza, nitakulaje nyama ya kukaanga na wazee wa watu wanashinda njaa kwa sababu yangu? Na ndani yangu kulikuwa na sauti ya majivuno pia, siifichi. Ilisema kwamba mtu wa imani hali mafuta ya daktari. Nikafunga pamoja nanyi. Kopo nikalijaza nilivyoweza, nikalifunga kwenye kanga, nikapanda basi. Kondakta aliuliza kama ni asali.

Daktari Rehema akaniuliza, "Baba Eliya, umekula kama tulivyokubaliana?"

Nikajibu, "Ndiyo, daktari."

Majibu yakaja kwamba mafuta hayapo. Choo safi kabisa! Daktari alikunja uso akaitazama tena picha ya vijiwe, lakini mimi sikungoja. Nilirudi huku naimba, nikasimama hapa, nikashuhudia. Na nataka mjue kwamba nilipokuwa nashuhudia nilikuwa naamini kabisa. Mtu anaweza kujidanganya kwa moyo wote.

Maumivu yalirudi wiki ile ile. Sasa nimwambie nani? Kila niliyekutana naye njiani alinishika mkono akamsifu Mungu. Nilikonda zaidi, nikawa nakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, nikawa naamka kukojoa kila mara. Wengine mliponiuliza niliwaambia ni uchovu wa kazi.

Basi asubuhi moja akaja mfugaji kutoka Mlali amebeba furaha. Ndama wake alikuwa anaharisha, sasa ameacha, alitaka nimhakikishie kwamba amepona. Nikatazama alichokileta. Kikavu, kidogo, safi. Nikamuuliza ndama ananyonya?

"Aka, hanyonyi," akasema. "Tangu juzi nimemtenga na mama yake. Ndiyo maana amepona."

Nikamjibu kwa ukali, kama mtu mwenye elimu yake: "Huyo hajapona. Hana cha kuharisha tu! Mrudishe anyonye, ndipo uniletee kinyesi. Hiki hakiniambii kitu."

Maneno yalinitoka, kisha yakanirudia. Ndugu zangu, nilishika meza. Yule mfugaji akadhani nimeugua, akanitafutia kiti. Miaka yote ile ya kupima wanyama, nilikuwa nimempelekea daktari choo cha ndama aliyetengwa na mama yake!

Sikuanza na hospitali. Nilianza kwa Bibi Nyemo, kwa sababu yeye ndiye niliyemwonea aibu zaidi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza. Mfungo wake, kopo langu, uongo wangu kwa daktari, ushuhuda wangu. Alikuwa anapepeta uwele, hakuacha. Nilingoja aniambie nimewadhihaki watu wa Mungu.

Akasema, "Mjukuu wangu, mbona hukuniambia? Mimi mwenyewe ningekukaangia."

Nililia, Bwana asifiwe! Nililia kama mtoto.

Nikaenda Dodoma nikamweleza daktari. Alifungua daftari lake. Akanionyesha mstari mmoja. Wagonjwa wengine wenye vijiwe walikuwa na mafuta kwenye choo, isipokuwa mmoja, na kwa ajili ya huyo mmoja alikuwa ameanza kuamini kwamba alama ile haifai. Huyo mmoja ni mimi. Uongo wangu mdogo ulikuwa karibu kuwafunika wagonjwa nisiowajua, watu wa Hombolo, wa Kongwa, watu wanaoficha choo chao kama mimi.

Akanipa kopo jingine. Siku tatu zile Bibi Nyemo alikuja kwetu kila siku. Alikaanga nyama kwa samli, akanipondea karanga kwenye mlenda, akanisimamia mpaka nimalize, nami natokwa jasho kwa maumivu. Yeye hakugusa chochote. Nilipomkaribisha alisema safari hii tumegawana, wewe kula, mimi nifunge.

Majibu yalipotoka, mafuta yalikuwa tele. Damu nayo ilionyesha sukari imepanda sana, na daktari akasema ningechelewa kidogo ningeanguka nisiamke. Sasa nameza vidonge vinavyosaga chakula kwa niaba ya kongosho, na kila asubuhi najichoma sindano. Vijiwe bado viko. Sijapona kama nilivyowatangazia, lakini ninaishi, na suruali hii niliyovaa ni ile ya zamani!

Ndugu yangu unayeficha kitu, namwambia mtu mmoja hapa, sijui ni nani. Mungu hahitaji umsaidie kwa kujifanya mzima. Mwendee jinsi ulivyo, na daktari umwendee jinsi ulivyo. Mimi alinikomboa kwa ukweli, na ukweli ulikuwa ndani ya kopo.

Namshukuru Mungu, nawashukuru nanyi mliokaa na njaa kwa ajili yangu, nisameheni. Na wewe Bibi, leo usifunge. Ibada ikiisha unakuja kwetu, na safari hii anayekaanga ni mimi.